Fundi wa Vibanda vya Muda

Fundi wa vibanda pale Manyoni hapigi misumari. Kila bati analifunga kwa bolti, na kila bolti anaipaka grisi kwa kidole gumba kisicho na kucha, maana anajua ipo siku ataitwa kuifungua. Asubuhi ya kuwaondoa wafanyabiashara wa kando ya barabara, alimkuta mama Anastazia ameketi ndani ya kibanda chake, katikati ya madumu ya mafuta ya alizeti.

"Shikamoo, mama. Toka kidogo nifungue, katapila linakuja."

"Marahaba. Si ulisema ni cha muda tu, mpaka soko jipya liishe?"

"Soko limeisha, mama."

"Na kwenye orodha ya waliopewa vizimba jina langu halimo."

Fundi akachomoa spana. Alifungua paa, akafungua kuta, taratibu kama anayemvua mgonjwa nguo, hadi mama akabaki juani juu ya kigoda. Mabati akayapanga kwenye mkokoteni.

"Nikupelekee wapi, mama?"

"We sukuma tu."

Akasukuma hadi njia panda, na hapo akasimama, hajui akate kulia au kushoto.