Nyanya na Maji ya Amerika

Kiangazi kilichopita nilialikwa nyama choma kwa rafiki yangu anayekaa mji wa Maple Grove, hapa Minnesota. Nyuma ya nyumba yake kuna kidimbwi. Mtoto wake mdogo alikimbilia ukingoni kufuata bata, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshamnyakua na kumrudisha kwenye nyasi, sahani yangu imeanguka huko nyuma. Mwenyeji alicheka, akaniambia maji yale hayafiki hata magotini. Nikacheka naye. Sababu sikumweleza siku ile, lakini wewe nitakueleza.

Tulikaa Hopkins, mji mwingine wa hukuhuku, miaka ya tisini ilipokuwa ikianza, katika fleti za zamani ambazo ngazi zake zilinuka zulia bichi na vitunguu vya majirani. Baba alikuwa akisoma chuo kikuu. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akitoka zamu moja anaingia nyingine. Mdogo wangu alipozaliwa hapakuwa na wa kumlea, basi nyanya akaletwa kutoka kwetu, Mto Tana. Alifika na leso zake na kikohozi cha ndegeni, na ndani ya juma moja jiko lilikuwa lake. Alipika wali kwa tui la mkebe huku akilaumu, nazi gani hii isiyo na kifuu, na bado tulikula hadi ukoko. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwake muda wote. Hata leo nikisikia mtu akikuna sufuria kwa mwiko, naona shingo ya yule mtoto imelala upande, usingizi umemchukua.

Nyanya alikuwa mtu wa makatazo. Usifagie jioni. Usimruke mtoto aliyelala. Usipige mluzi ndani. Mimi nilikuwa namjibu kwa Kiingereza, naye ananijibu kwa jicho.

Lakini makatazo yake makubwa yalikuwa ya maji. Jumamosi baba alitupeleka ziwani, na nyanya alisimama mbali na ukingo akitoa amri. Tusiyape maji mgongo. Tusichuchumae. Na kubwa kuliko zote, tusicheze mahali tulipocheza Jumamosi iliyopita. Huko kwao dada yake alichukuliwa na mamba akiteka maji, mahali palepale alipozoea kuteka. "Mamba hana haraka," alituambia. "Leo anakuona, kesho anakuona, kesho kutwa yuko hapo anakungoja." Basi tulihama kila wiki, na mikeka na vyakula vyetu, Wazungu wakitutazama kutoka kwenye mablanketi yao. Baba aliona haya, maskini. Alimweleza mara ngapi sijui kwamba maji ya huku hayana mamba, na nyanya akajibu kwamba maji ni maji.

Kilichomgeuza ni majira ya baridi. Siku moja baba alimpeleka kwenye ziwa lilelile, akamwonyesha magari yameegeshwa juu yake na watu wamekaa vitini wakivua samaki kwenye matundu ya barafu. Baba akamwuliza, "Mama, sasa mamba atakaa wapi hapa?" Nyanya alikanyaga barafu kwa mguu mmoja, akakanyaga tena, halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akashika mkono wa mwanawe, akakiri kwamba ameshindwa. Baba alisimulia habari ile kanisani, kwa majirani, kwa kila aliyekuja kunywa chai.

Viangazi viwili vilivyofuata ndivyo vitamu kuliko vyote nilivyopata kuviishi. Nyanya alikuwa akiketi na miguu ndani ya maji, leso imepandishwa magotini, mdogo wangu akimmwagia maji kwa kikombe. Tulikuwa na mahali petu, chini ya mti uleule, wiki hadi wiki. Hakuna aliyehama tena.

Baba alipohitimu, mama akasema kwa mara moja maishani twende likizo kama watu wengine. Tukaenda Florida, kwenye hoteli yenye vijumba, bwawa la kuogelea, na nyuma yake ziwa tulivu lenye mchanga. Palikuwa na ubao unaokataza kuogelea, na sisi hatukuwa waogeleaji. Nyanya aliyatazama yale maji akauliza, "Na haya?" Baba alikuwa akishusha mizigo. Akamwambia, "Mama, si ni Amerika hiihii?"

Sijawahi kumlaumu. Alikuwa amejifunza nchi hii Minnesota, na Minnesota ilikuwa imemtosha kuwa Amerika yote.

Kila jioni mdogo wangu alichota maji kwa ndoo yake ndogo kujengea mchanga, akirudi palepale, na nyanya ameketi karibu naye. Jioni ya mwisho maji yalipasuka mara moja. Sikuona mnyama mzima, niliona mkia wa mamba. Nyanya aliingia mzimamzima na gauni lake, akapiga, akavuta, akapiga tena, na akamtoa mtoto. Mama yangu, aliyezoea kushika wagonjwa, alimpokea mchangani, na nilipouona uso wa mama nilijua kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Tulimzika huku, Minnesota. Wakenya walijaa kwenye fleti yetu, wakapika, wakaimba, wakaosha vyombo hata vilivyo safi. Hakuna aliyemnyooshea nyanya kidole. Baba alimpigia magoti mbele ya watu akamwambia, "Mama, wewe ulijua." Nyanya alimshika kichwa.

Mdogo wangu namlilia hadi leo. Lakini kuna kingine kilichotoweka nyumbani mwetu, na kilichukua muda kabla sijakitambua. Jioni moja nilishika ufagio, nikafagia sebule yote, nyanya akanitazama tu. Nikapiga mluzi, tena kwa makusudi. Akageukia leso zake, akazikunja. Nilitamani hata anipige.

Kiangazi kilichofuata, vijana wa kanisa walipanga kambi kando ya ziwa, huko kaskazini. Nilitaka kwenda. Baba alisikiliza, halafu akamgeukia mama yake, aliyekuwa akimenya viazi.

"Mama, unasemaje? Aende?"

"Amueni ninyi," alisema nyanya. "Mimi nchi yenu siijui."

Baba, na digrii yake ukutani, alivuta kiti akaketi karibu naye. "Nakuomba, mama. Mkataze."

Nyanya aliendelea kumenya. Nikaenda kambi ile, nikarudi salama, na katika nyumba yetu hakuna mtu aliyenikataza kitu tena.