Sikio la Kulia la Mama Mapacha

Maumivu yalikuwa yamekwisha, na hilo ndilo lililomdanganya Mama Mapacha. Kwa siku kadhaa sikio lake la kulia lilikuwa limemchoma kama limetiwa msumari wa moto. Homa ilimpanda, usingizi ukamkimbia, upande mzima wa uso ukavimba mpaka kutafuna ikawa kazi. Alimeza vidonge alivyoandikiwa mpaka cha mwisho, homa ikashuka, maumivu yakaondoka. Kilichobaki ni sikio lenyewe, zito, limeziba, kama limeshindiliwa pamba mbichi. Akimeza mate, kitu kinabonyea ndani na kurudi palepale. Akizungumza, sauti yake inamvumia kichwani kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Akitulia, anausikia mshipa wake mwenyewe ukipiga: du, du, du.

"Nikumiminie mafuta ya uvuguvugu, lifunguke," mama mkwe wake alimwambia asubuhi ya kurudi kazini, alipokuwa akivaa gauni lake la kazi.

"Hapana, mama. Sikio lililougua halimiminiwi kitu ovyo. Mimi ni nesi."

"Unesi wako ni wa kuzalisha. Tangu lini sikio likawa tumbo?"

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliangua kicheko kilichosikika nyumba ya tatu. Mama Mapacha hakucheka. Alichukua mkoba wake akatoka, kwa sababu mama mkwe alikuwa amemgusa mahali penye kidonda bila kujua. Tumbo na sikio, katika kazi yake, vilikuwa kitu kimoja.

Alikuwa mkunga. Miaka na miaka alikuwa akiinama juu ya matumbo ya wajawazito, ameegemeza sikio kwenye fetoskopu, kile kitarumbeta kidogo cha bati kinachopitisha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Sikuzote alitumia sikio la kulia. La kushoto lilikuwa zima, lakini kulitumia kulimtatiza kama mtu anayelazimishwa kuandika kwa mkono asiouzoea.

Kazini hakumwambia mtu. Alimkumbuka mwenzao mmoja ambaye macho yalianza kumsumbua. Sista Mkuu alimhamishia stoo ya madawa "kwa muda," na mpaka leo yuko huko anapanga maboksi. Basi Mama Mapacha akajitia hamnazo. Siku mbili za kwanza alisikiliza kwa sikio la kushoto, polepole, na palipomtatiza alimwita mkunga mwenzake kwa visingizio: mara mgongo unauma, mara anataka maoni ya mtu wa pili.

Mwenzake huyo walimbandika jina la Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Alisimulia, aliuliza, alijibu mwenyewe. Mama Mapacha alikuwa ameanza hata kumkalia upande wa sikio bovu, apumzike kidogo.

Siku ya tatu mambo yakaharibika. Vitanda vya leba vilijaa kabla ya adhuhuri. Mashine ndogo ya umeme ya kupimia mapigo ilikuwa imepelekwa chumba cha upasuaji na haikurudi. Redio alikuwa nyuma ya pazia na mama aliyekuwa tayari kusukuma. Upande wa huku, Mama Mapacha alibaki na mwanamke mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mimba yake ya kwanza, ambaye uchungu ulikuwa umemkamata sawasawa. Wifi yake alisimama kando ya kitanda akimfuta jasho kwa kitambaa.

"Sista," Mwalimu alisema, akihema, "mbona kama ametulia sana? Asubuhi alikuwa akipiga mateke."

"Ngoja tumsikilize."

Akaweka fetoskopu, akainamisha sikio la kushoto. Hakusikia kitu. Akaisogeza chini kidogo ya kitovu, akaikandamiza. Kitanda cha jirani mtu analia, ndoo inaburutwa sakafuni, Redio anahimiza, "Sukuma, mama, sukuma, usiibane pumzi!" Akasogeza tena. Jasho jembamba likamtoka kwapani. Mwalimu alikuwa amemkazia macho, na wifi naye amemkazia macho, na katika ile haraka mwili ukafanya ulichozoea kufanya: akageuza kichwa, akaweka sikio la kulia.

Du, du, du, du.

Mapigo yalikuwa ya haraka na wazi, tena yamepangika. Roho ikamtulia.

"Yupo," akasema. "Anapiga vizuri."

Mwalimu akafumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Wifi mtu tayari alikuwa ameshatoa simu: "Haloo, kaka? Usiwe na wasiwasi. Nesi amesikiliza, mtoto mzima!"

Mama Mapacha akajiinua, akaitoa fetoskopu tumboni, akaishika mkononi.

Du, du, du, du.

Sauti haikukatika. Fetoskopu iko mkononi, tumbo liko mbali, na moyo bado unapiga sikioni mwake, uleule, kwa mwendo uleule. Hakuwa amemsikia mtoto. Alikuwa amejisikiliza mwenyewe, moyo wake mwenyewe uliokuwa ukienda mbio kwa hofu, ukivuma ndani ya sikio lililoziba.

Akainama mara ya pili, kushoto, lakini uchungu ukapanda, tumbo likakaza kama jiwe, Mwalimu akajinyonganyonga huku akipiga kelele. Hakupata kitu cha kuaminika. Labda ilikuwepo sauti ya mbali, labda haikuwepo. Akasimama wima. Wifi alikuwa bado anacheka kwenye simu.

Angeweza kusubiri. Redio angemaliza upande wa pili, wangebadilishana kwa utani, hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimpitia, hakulifukuza mara moja, na baadaye ndilo lililomuumiza kuliko mengine yote. Kisha akavuta pazia.

"Njoo umsikilize huyu mtoto wa huku."

"Wewe huoni?" Redio alifoka bila kugeuka. "Kichwa hiki hapa kinatoka!"

"Nakuja hapo mimi. Mikono yangu mizima. Sikio langu limeziba, sisikii. Nimemwambia mama wa watu mtoto yuko salama na sikumsikia."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Siku hizo hakuweza tena kupima sauti yake. Chumba kizima kilisikia. Wifi aliishusha simu sikioni.

Redio alimtazama mara moja tu. Alisubiri Mama Mapacha avae glovu na kushika pale alipokuwa ameshika yeye, ndipo akavua zake akapita upande wa pili wa pazia.

Mikono ya Mama Mapacha ilifanya kazi yake. Kichwa kikatoka, kikageuka, bega likafuata, na mtoto wa kike akateleza mikononi mwake akilia kwa hasira. Akamfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake, akambana kitovu. Lakini muda wote huo alikuwa ameelekeza sikio la kushoto kwenye pazia, amezuia pumzi, akisubiri kusikia Redio anasema nini.

Redio hakusema kitu. Yule asiyejua kunyamaza alikuwa kimya.

Kisha sauti ikaja, kavu. "Mapigo yako chini. Anapiga taratibu mno. Mama, geukia ubavu wa kushoto. Wewe wifi, nipishe. Daktari! Mwiteni daktari!"

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Daktari wa zamu alifika anavaa koti njiani, akasikiliza, akasema neno moja, "Upasuaji," na kitanda cha magurudumu kikatoka mlangoni kikigonga fremu. Mwalimu alipopitishwa mbele ya Mama Mapacha aligeuza shingo.

"Si ulisema anapiga vizuri?"

Mama Mapacha alisogea ukutani, kitanda kikapita.

Hakuruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji, wala hangeweza kuwaacha wengine. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Wifi alikaa kwenye benchi la korido, simu inaita mapajani, haipokei. Kila mlango wa mwisho wa korido ulipofunguka wote wawili walinyanyua vichwa, na kila mara alikuwa mfagizi au mtu aliyepotea njia.

Mwishowe alitokea Redio, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Mzima," alisema. "Wa kiume. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Alitoka kama kitambaa kilichoroa, wakampulizia hewa, wakampulizia..." Akaivua barakoa kabisa. "Amelia. Amelia mwenyewe."

Wifi alipiga magoti palepale koridoni. Mama Mapacha alirudi kwenye sinki.

Sista Mkuu hakumwita ofisini; alimkuta kwenye sinki.

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka kuumwa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Ungeniambia, ningekupa kazi nyingine wiki chache, basi. Leo tungezika." Alisema hayo bila kupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Kesho uende kwa daktari wa masikio. Leba huingii mpaka niseme."

Daktari wa masikio alikuwa mama mmoja mpole mwenye mikono baridi. Alichungulia kwa kijitaa chake muda mrefu. Kiwambo cha sikio hakikutoboka, alisema, na uchafu wa maambukizi ulikuwa umekwisha; ila nyuma ya kiwambo yalibaki maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia sauti za nje na kuzikuza za ndani. Mara nyingi huondoka yenyewe, lakini huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Asichokonoe, asimimine chochote. Likianza kuuma tena au kutoa usaha, aje mara moja; vinginevyo arudi apimwe baada ya wiki chache.

"Na yasipoondoka?"

"Zipo njia. Tusizitangulie."

Kabla Mwalimu hajaruhusiwa kwenda nyumbani, Mama Mapacha alipanda wodi ya juu. Alimkuta anamnyonyesha mtoto, amejifunika kanga begani. Hakuketi.

"Nimekuja kukwambia. Niliposema anapiga vizuri, nilikuwa nimesikia moyo wangu mwenyewe. Sikio lilikuwa bovu, nami nilijua ni bovu."

Mwalimu aliikaza kanga begani. Mtoto alikuwa akivuta kwa pupa.

"Wifi yangu anataka tukushtaki," alisema mwishowe. "Nimemwambia aniache kwanza nilale. Sijui, Sista. Nikikumbuka ulivyosema, nakuchukia. Nikikumbuka ulivyovuta lile pazia..." Akamhamishia mtoto titi la pili. "Nenda tu."

Akaenda. Mashtaka hayakuja, lakini wala hakupata neno la msamaha, na hakulitafuta.

Majuma yaliyofuata alipangiwa kupima uzito wa watoto kliniki. Nyumbani mumewe alijifunza kumkalia kushoto, na mama mkwe akaacha habari za mafuta baada ya kusimuliwa kisa chote. Siku hiyo alimpikia uji mwenyewe na kukaa naye mpaka akaumaliza. Sikio lilifunguka kwa uchoyo. Siku moja lilibofya alipopiga mwayo, akasikia maji yakichuruzika bombani kwa ukali wa kushangaza, kisha likaziba tena. Siku nyingine likakaa wazi mpaka jioni. Mwisho likabaki wazi. Daktari akampima kwa mashine, akatia saini barua ya kumruhusu kurudi leba.

Sista Mkuu alimrudisha leba asubuhi moja ya mvua. Mama wa kwanza alikuwa mchuuzi wa mboga, mwenye maneno mengi na mimba ya nne. Mama Mapacha alifunga mlango, akaweka fetoskopu, akainamisha sikio la kulia huku vidole vyake vikiwa kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe. Chini ya vidole, moyo wake ulikwenda na mwendo wake. Sikioni, kwa mbali lakini bila shaka yoyote, ulikwenda moyo mwingine, mwepesi, wenye haraka zake.

Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sista, vipi?" mchuuzi akauliza. "Kuna shida?"

"Hakuna. Nimemsikia." Akajiinua, akafungua mlango. "Lakini ngoja nimwite mwenzangu amsikilize na yeye."

Redio alikuja anaongea tangu koridoni.