Isale Moja Mbili Tatu

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya kompyuta kwenye maduka na vikundi. Njoro, mjini nilipo na ofisi, mimi ni fundi kama mafundi wengine. Nikipanda Uru, vijijini mlimani, naitwa mtaalamu, napewa kiti cha mbele, na wazee walionizidi kwa kila kitu wananyamaza nikianza kuongea. Heshima ile ilinivimbisha kichwa. Nilianza kuamini kwamba wananyamaza kwa sababu hawana la kusema.

Kikundi kimoja cha huko kilikuwa na kituo cha maziwa. Kina mama walileta madumu asubuhi na mama mmoja, mtu mzima, aliyapima. Alikikalia kigoda chake tangu kituo kilipokuwa banda la mabanzi. Alitumbukiza kipimo, akatazama, akanusa, kisha akasema "yapite" au "hapana". Dumu la hapana alilifunga ukanda wa jani kavu la mgomba kwenye mpini, likawekwa kando, na mmiminaji wa maziwa tangini hakuligusa hadi mwenyewe alipokuja kulichukua. Hakuna aliyebishana naye. Aliwahi kuyakataa maziwa ya mwenyekiti wa kikundi, na mwenyekiti akalibeba dumu lake akarudi nalo nyumbani. Mama yule hakuwa na kingine cha kujivunia duniani ila hiki: kwamba maziwa mabaya hayakupita mbele yake.

Mimi nikaleta mfumo. Kila mtu angekuwa na jina lake, neno lake la siri na mipaka yake. Mpimaji angeandika dumu limepokelewa au limekataliwa, na akishafunga orodha ya asubuhi asiweze kubadili chochote. Mmiminaji angesoma tu. Mwenyekiti angesoma na kuidhinisha. Mwenye ruhusa zote nilikuwa mimi.

Siku ya mafunzo nilimwambia yule mama achague neno la siri.

"Neno gani, mwanangu?"

"Lolote. La kwako, mtu mwingine asilijue."

Akafikiri sana, nami nikatazama saa yangu ili aone ninavyoitazama.

"Isale," akasema. "Si ndilo jani tunalopanda mpakani? Ukiliona unajua hapa ni kwa mtu, huingii tu."

Leo naona kwamba katika chumba kile hakuna aliyeuelewa mfumo wangu kama yeye. Siku ile nilicheka. "Mama, hii ni kompyuta, siyo kihamba cha migomba. Halafu herufi ni tano tu, hazitoshi. Ongeza moja mbili tatu mwishoni, hata wewe utakumbuka." Nikarudia kwa sauti, "Isale moja mbili tatu," ili na waliokaa nyuma wapate kucheka. Wakacheka. Yeye akaliandika kwa kidole kimoja, kidole kilichokomaa kwa kukamua, na kwa kila herufi mimi nilishusha pumzi ya kuchoshwa.

Kabla sijaondoka niliona dumu moja limefungwa ule ukanda wa mgomba. Nikaukata kwa kisu changu cha kukatia nyaya. "Uchafu huu basi," nikasema. "Kuanzia leo skrini ndiyo inayosema."

Wiki chache baadaye, asubuhi, nikiwa Njoro, niliingiwa na wasiwasi kwamba sikuufunga vizuri mpaka wa mpimaji. Mtu makini angetengeneza jina la majaribio, kazi ya dakika tano. Nikaona uvivu. Neno la mama nilikuwa nalo kichwani, nikaingia kwa jina lake. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Nikachagua dumu lililoandikwa limekataliwa, nikabofya limepokelewa, na mfumo ukakubali. Kumbe kweli nilikuwa nimekosea. Nikatoka, nikaingia kwa jina langu, nikaziba tundu, nikajisifu, nikaenda kunywa chai. Lile dumu sikulirudisha kwenye limekataliwa.

Kule Uru mmiminaji alisoma skrini kama nilivyomfundisha. Dumu lile halikuwa na ukanda. Akalimimina kwenye tangi pamoja na mengine, na maziwa ya kijiji kizima yakaganda. Lori la mnunuzi likaondoka tupu.

Kamati ikaniita nieleze. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikaona jina la mama na saa ya kubadilisha, na saa ile ilikuwa saa ya chai yangu. Nilijua hapo hapo. Nikaichapa karatasi, nikapigia mstari mwekundu chini ya jina lake. Njia nzima ya kupanda Uru nilikuwa na nafasi ya kubadili nia, sikubadili.

"Mtaalamu," mwenyekiti akaniuliza mbele ya kamati, "mtu mwingine anaweza kuingia kwa jina la huyu mama?"

"Haiwezekani, mzee. Labda awe na neno lake la siri."

Nilisema kweli, ndiyo maana sauti haikutetemeka. Na kila aliyekuwamo mle ndani alilisikia neno lile kinywani mwangu siku ya mafunzo. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Wengine walitazama mabati.

"Mama, kuna mtu ulimpa?"

Angeweza kukana. Mimi nilikuwa nakana vizuri tu, meta mbili kutoka alipokaa.

"Nilimpa mkamwana wangu," akasema. "Siku nilipokwenda msibani, maziwa yasilale. Mtu wa nyumbani kwangu ningemnyimaje?"

Mwenyekiti, ambaye nadhani hakuwa amelisahau dumu lake, akasema taratibu kwamba mama amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike. Unga ukamwagika. Mama akasimama, akafunga vizuri kitenge chake.

"Lakini lile dumu nililikataa," akasema. "Nililinusa."

Nikakunja karatasi yangu. Tulipotoka nje kigoda chake kilikuwa kimeshahamishwa.

Baada ya siku kadhaa akaja Njoro. Nilimwona mlangoni nikadhani yamenifika; nikapanga uongo wangu upesi upesi huku nikimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akafungua mfuko, akatoa jani la isale na kuninyooshea.

Kwetu mtu akikuletea jani hilo amekuja kuomba radhi. Ukilipokea, jambo limezikwa, na kulifukua tena ni aibu yako wewe.

"Ulinikabidhi neno la siri, nikaligawa," akasema. "Nimekuharibia kazi yako, mwanangu. Usiniweke moyoni."

Nililipokea kwa mikono miwili. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu, ila nitakuwa nadanganya. Nilifarijika. Nilimwambia, "Yameisha, mama," kwa sauti ya mtu aliyekosewa.

Nikaona ndani ya mfuko kuna jani la pili. Akaniona ninavyolitazama.

"Hili ni la mkamwana wangu. Nilimuuliza mbele za watu kama ni yeye aliyebadilisha. Akamchukua mtoto akarudi kwao Pasua. Ameapa hakugusa, na mimi namwamini." Akaufunga mfuko. "Basi nitakuwa mimi mwenyewe. Uzee huu. Wewe ndiye mtaalamu, niambie: kidole kinaweza kuteleza mtu asijue?"

Akanitazama. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa tayari kuamini kwamba kidole chake na pua yake, vilivyolinda maziwa ya Uru miaka yote ile, vimemsaliti. Alitaka tu mtu anayejua amthibitishie, akapate cha kumwambia mkamwana wake.

"Kinaweza, mama," nikasema. "Kinateleza sana."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru. Kisha akauliza Pasua ni upande gani, maana mjini hapajui vizuri. Nikatoka naye hadi barabarani, nikamwonyesha njia ya mkato.