Nani Alikuwa Anavujisha Nauli Zetu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nauza tiketi za ndege katika ofisi ndogo mjini Mbeya, kati ya duka la dawa za mifugo na studio ya picha. Tulikuwa watatu: mimi, meneja aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, na mwenzangu mmoja, mwanamke wa Igowole, mkoani Iringa, aliyenizidi umri kidogo. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, hata namna ya kumwambia abiria aliyekuja na debe la viazi kwamba ndege si basi, bila kumkasirisha.

Kampuni yetu ilikuwa ya nauli nafuu. Ndani ya ndege hata maji ya kunywa yalikuwa ya kununua, begi kubwa lililipiwa, na ukichelewa umeachwa. Watu walilalamika, lakini walikuja. Kufika Dar kwa saa moja na kitu, badala ya kukaa kwenye basi kutwa nzima na kuteremka kona za mlima Kitonga roho mkononi, lilikuwa jambo kubwa. Kwa muda mrefu tulikuwa peke yetu kwenye bei ile, tukajisahau.

Kisha ikaja kampuni ya pili. Wakafungua ofisi mtaa wa nyuma, wakabandika mabango mpaka Mbalizi, na ndege yao ikapangiwa kuondoka uwanja wa Songwe nusu saa kabla ya yetu. Meneja aliposikia, alicheka bila furaha.

"Mnaona akili hiyo? Mtu akishapanda ya kwanza, ya pili haimhusu."

Tukashusha nauli ya asubuhi. Kabla ya mchana wapinzani walikuwa wameshuka chini yetu kidogo tu, kama mtu anayekukanyaga kisigino makusudi. Tukashusha tena, wakashuka tena. Mara ya tatu meneja alifunga mlango wa ofisi, akasimama mbele yetu.

"Bei tunapanga humu ndani asubuhi, saa sita wanayo. Humu ndani kuna mdomo."

Hakumtazama yeyote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jioni ile aliniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe nakuamini. Mwangalie dada yako."

Nilipaswa kumuuliza kwa nini. Sikuuliza. Kusema kweli, nilifurahi kwamba si mimi.

Kuanzia hapo kila alichofanya dada kilianza kunuka. Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, alichukua simu yake na kutoka kwenda nyuma ya jengo, karibu na matanki ya maji. Alikuwa akifanya hivyo tangu nilipoanza kazi na sikuwahi kujali. Sasa nilihesabu dakika. Siku moja nilijifanya nakwenda chooni, nikajibanza ukutani. Alikuwa anaongea kwa Kihehe, polepole, na nilichoambulia ni neno moja moja tu. Aliponiona alikata simu palepale.

"Unatafuta nini huku, mdogo wangu?"

"Hewa," nilimjibu.

Alinipita, akarudi kwenye meza yake. Tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja kila siku. Baada ya hapo kila mmoja alikula kwenye meza yake.

Mtego niliutega mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma. Ijumaa moja nilimwambia dada, kama vile imeniponyoka, kwamba Jumatatu tungeanza kumruhusu abiria begi moja bila malipo. Ulikuwa uongo mtupu. Jumatatu asubuhi nilipita mtaa wa nyuma, nikakuta bango jipya kwenye dirisha la wapinzani: begi moja bure.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Nakumbuka kwamba nilijisikia hodari. Kabla ya mchana dada aliitwa ndani. Alitoka na mkoba wake na kikombe chake cha chai. Alipofika mlangoni alinigeukia.

"Ulimwambia nini?"

Nilijifanya nasoma karatasi.

Mwaka haukuisha kabla kampuni ile ya pili haijaiacha njia ya Mbeya. Ndege ilikuwa ikiruka nusu tupu, kama yetu. Siku walipokuwa wakihama nilipita pale, nikamkuta mkuu wa ofisi yao anafunga maboksi. Tulikuwa tumezoeana kule uwanjani, kwa hiyo nilimuuliza, nusu utani, nani alikuwa anawapa bei zetu.

Alishangaa. "Nani atupe? Si ziko mtandaoni? Dar kuna kompyuta inasoma bei zenu mchana na usiku. Nyinyi mkishusha, na zetu zinashuka. Mimi mwenyewe nilikuwa naziona kwenye simu kama abiria."

"Na begi la bure?"

"Hiyo ilitoka makao makuu. Waliiweka njia zote siku moja."

Nilirudi ofisini nikamtazama meneja kupitia kioo. Aliijua biashara hii kuliko sisi wote. Inawezekana hakujua kwamba bei zetu ziko wazi kwa kila mwenye simu? Au Dar walikuwa wanamuuliza kwa nini viti havijai, naye akahitaji mtu wa kutupiwa lawama? Sikuwahi kupata jibu, na sikuthubutu kumuuliza.

Niliposikia dada yuko Iringa, anauza vitambaa karibu na soko kuu, nilipanda basi. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo. Nilimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, dada." Akaitika, lakini hakusimama.

"Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Weka simu hapo juu. Izime."

Niliizima, nikaiweka juu ya kaunta mbele yake. Kisha nikamweleza yote: bango, kompyuta, uongo wangu wa Ijumaa. Alisikiliza huku akikunja kitenge, akikikunjua, akikikunja upya.

"Nina mtoto," alisema hatimaye. "Wakati ule alikuwa shule ya bweni, upande wa Tosamaganga. Wakitoka mapumziko saa nne, matroni alimpa simu dakika kumi. Nilipoomba kazi waliniuliza kama nina mtoto, maana zamu zinaanza alfajiri, nikasema sina. Ningewaambia nini siku ile waliponiita ndani?"

Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia.

"Meneja aliniita na mimi pia. Aliniambia nikuchunguze wewe. Nilijua unampa binamu yako tiketi za bei ya wafanyakazi. Nilimjibu kwamba sijaona kitu."

Niliomba kununua kitambaa. Alinipimia kitambaa cha gauni, nikalipa bei aliyoitaja, akanifungia vizuri kwenye gazeti. Nilimuomba namba yake ya simu.

"Andika yako hapa," alisema, akanisogezea kipande cha karatasi. "Nitakutafuta."

Niliiandika kwa herufi kubwa, nikairudia kuisoma nisije nikakosea tarakimu. Hadi leo hajanipigia.