Picha ya Kanisa na Majina ya Wagonjwa

Karatasi ya matangazo ya parokia yetu hugawiwa mlangoni kila Jumapili. Mimi huisoma polepole, kidole kikifuata mstari, maana shule niliachia darasa la tatu. Lakini watu wa parokia hii nawajua kwa majina, wao na baba zao, na waliosimamia ubatizo wao. Hapa sitawataja, ni mambo yao.

Zamani, kona ya chini kulikuwa na majina ya wagonjwa. Ukitoka misa ulijua nani amelala, na katikati ya wiki ulimpitia na kuni au majani ya chai. Rafiki yangu, ambaye tulipata kipaimara siku moja, alikuwa kwa hiyo orodha tangu miguu yake ilipokataa. Halafu akaja karani mpya, akabadilisha karatasi. Ikawa nzuri kweli, na picha kubwa ya kanisa letu mbele. Wagonjwa hawakuwako tena. Kufika Kwaresima, aliyekuwa akimtembelea rafiki yangu ni mimi peke yangu.

"Kwani huko wamenizika?" akaniuliza.

Jumanne nikaenda ofisini kwa parokia.

"Msichana wangu, hii picha ni ya nini? Kanisa si tunakaa ndani yake?"

Karani, ambaye huniita Susu kama nyanya yake, akacheka. "Susu, watu hawapendi ugonjwa wao uandikwe. Kuna mmoja alinijia hapa na hasira, nikaona heri niwatoe wote."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Na mtu akikubali mwenyewe?"

"Nitamwandika. Lakini karatasi ni moja tu. Picha itatoka."

"Itoke."

Nikapitia kwa rafiki yangu kumwuliza.

"Waandike," akasema. "Wasiseme niko na nini. Waandike njia, wale wa jumuiya za mbali wasipotee."

Jumapili ikatoka hivyo: jina lake, jumuiya yake, nyumba ya pili ukipita kisiagi cha mahindi, wageni waje alasiri.

Wakaja. Mmoja alikuja mikono mitupu, akafua mashuka yote. Jumamosi nilipofika nilikosa pa kukaa, hata kitanda kilikuwa kimejaa akina mama. Rafiki yangu alikuwa na karatasi mkononi, uso ameukunja.

"Picha iko wapi?"

"Picha gani?"

"Ya kanisa." Akatoa chini ya mto karatasi ya zamani, imechanika mahali pa kukunjia. "Hii imeisha. Nyinyi mnakaa ndani yake. Mimi naliona hapa tu."

Nikaikunja ile ya zamani polepole, nikairudisha chini ya mto.

Jumanne nikarudi ofisini.

"Susu, si ni wewe ulisema itoke?"

"Ni mimi. Sasa irudishe."

Karani akaguna, akatafuta nafasi. Akatoa maneno ya nyimbo, hizo tunazijua, na kanisa likarudi, dogo kama kiberiti, juu ya majina ya wagonjwa.