Fungua Kwanza, Ndipo Utikise

Hasira yangu ina mahali inapokaa. Inakaa kwenye mashine ya chuma iliyo katikati ya hangari letu, lile banda kubwa la kazi, na kila nikiingia asubuhi naikuta pale pale, inaningoja.

Nianze na kazi yenyewe, maana watu wanakunywa uji na hawajui umepita wapi. Kiwanda chetu kiko kule karitiye ya viwanda, mtaa wa mashine na malori, kinatengeneza unga wa uji wa watoto: mahindi, mtama, soya. Soya inatufikia imeshasagwa, ndani ya mifuko mikubwa tunayoiita bigibagi. Mfuko mmoja ni tani nzima. Ukisimama karibu unakupita kichwa. Juu una masikio manne ya kuuning'inizia, chini una mdomo kama mkono wa shati, umefungwa kwa kamba. Unauinua kwa mnyororo, unauleta juu ya bakuli kubwa la chuma, unafungua kamba, unga unashuka. Ukisikia hivyo utasema ni kazi ya mtoto.

Lakini soya ina mafuta. Wakati wa mvua unga wake unanyonya unyevu, unashikana, unakaa humo ndani kama mtu aliyegoma. Unafungua mdomo, hakitoki kitu. Ndiyo maana tulikuwa wanawake watano kwa kila mfuko. Wanne walisimama kwenye pembe nne wakiupiga kwa viganja, pa-pa, pa-pa, na mmoja alichuchumaa chini kufungua kamba. Huyo wa chini tulimwita mkunga. Sitaeleza kwa nini. Aliyezaa ameshaelewa.

Mkunga ndiye alikuwa na amri. Kabla hajagusa kamba aliita majina. Siyo "jamani, mko tayari?" Apana. Aliita jina la kila mmoja, lile alilopewa na baba yake, na kila mmoja aliitika kutoka pembe yake: niko! Sauti moja ikikosekana, kamba haifunguliwi, kwa sababu mtu ambaye hujamsikia huenda yuko chini ya mfuko. Wakishaitika wote, anafungua. Akiona unga umeanza kutoka anapaza sauti, "Umekuja!" Hapo ndipo tunapiga, na si kabla. Ukiupiga unga huku mdomo umefungwa, unaushindilia tu. Anayebisha aende sokoni akawaangalie wanaonunua unga kwa kopo. Mnunuzi anamwambia muuzaji nini? "Mama, gonga kopo!" Akiligonga, unga unakaa chini, unabana, nafasi inapatikana ya kuongeza. Hata asiyejua kuandika jina lake anajua hilo.

Nilikuwa mkunga miaka mingi, mpaka magoti yakakataa. Shule nilifika darasa la tatu, na kalamu hii mnayoona inanitoa jasho, lakini majina ya wanawake wote waliopita katika hangari lile ninayo, na pembe aliyosimama kila mmoja ninaijua. Hapa siyaandiki. Wengine bado wanakula mshahara wa pale.

Nilipochoka nilipewa ufagio, na ukunga nikamwachia binti mmoja wa mtaa wa Kinama. Mama yake alikuwa anasimama pembe ya dirishani mpaka Mungu alipomchukua, kwa hiyo binti yule ni wangu pia. Alikuwa na vidole, Mungu wangu! Fundo lililokazwa na wanaume wawili alilifungua huku anaongea na wewe, hata haliangalii. Jumapili alisuka wanawake wa mtaani kwao, misuko ile midogo midogo inayochukua siku nzima, na kichwa alichokisuka yeye ulikitambua ukiwa upande wa pili wa barabara.

Halafu wakaleta mashine.

Ilikuwa kama kitanda kirefu cha chuma kisicho na godoro. Mfuko unaning'inia juu, chini kuna vibao vya chuma vinavyoupiga mbavuni ili utikisike. Mdomo unapita kwenye kitundu chenye mlango mdogo, na ndani ya kile kitundu kuna koleo kubwa la kuubana mdomo usiendelee kumwaga. Vidude vya kubonyeza viko upande wa pili, kwenye nguzo: cha kijani cha kutikisa, chekundu cha kufunga koleo. Kwenye mguu wa mashine kulifungwa kitabu ndani ya plastiki. Fundi aliyeileta alikaa siku mbili, akaongea Kifaransa na shefu, mkubwa wetu wa kazi, akaenda zake. Sisi tuliambiwa pembe mbili zinatosha. Wanawake wawili wakahamishiwa kwenye kushona mifuko midogo, na hawakuulizwa.

Huyo shefu alikuwa mgeni kwetu, kijana wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye magari, shati halijawahi kugusa unga. Siku ya kwanza, mfuko bado umefungwa, akabonyeza kijani. Mashine ikaanza kunguruma na mfuko ukatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikasogea na ufagio wangu.

"Shefu, fungua kwanza. Fungua kwanza, ndipo utikise."

"Eh, mukecuru!" Hivyo ndivyo wanavyomwita kikongwe kwa Kirundi, na mtu anaweza kulisema kwa heshima. Yeye hakulisema kwa heshima. "Mambo ya mashine ulisomea wapi?"

"Nilisomea chini ya mufuko, shefu. Wakati ule we ulikuwa unanyonya."

Wanawake walicheka mpaka vitambaa vikawadondoka kichwani. Yeye hakucheka.

"Hii kitu imetoka mbali," akasema. "Haiko ngoma ya harusi. Na hizo kelele zenu za kuitana majina, muziache. Hapa siyo ubatizo."

"Shefu, majina ni kwa ajili ya..." binti wa Kinama akaanza.

"Nimesema muache!"

Wakaacha. Na mimi nikaacha, na hilo nalo liko ndani ya hasira yangu. Nilisema mara moja, nikajibiwa vibaya, nikarudi kufagia. Kiangazi kilipita salama kwa sababu unga ulikuwa mkavu na ungeshuka hata kwa kupulizwa. Shefu alitembea kifua mbele. Alikuwa akinipita ananiuliza, "Mukecuru, ngoma inalia?"

Mvua ikafika.

Asubuhi moja mfuko wa soya uliletwa una ubaridi, ukiugusa unajua. Shefu akautikisa ukiwa umefungwa, akautikisa tena, mpaka sakafu ikanitetemeka miguuni. Binti akafungua fundo. Kimya. Unga ulikuwa ukuta. Shefu akampa nondo achokonoe kutoka chini, kupitia ule mlango mdogo. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, nilisikia yote.

"Shefu, ngoja niite kwanza," binti akasema.

"Umwite nani? Muko watatu tu, nawaona wote."

Basi akaingiza mkono. Shefu akazunguka kwenda upande wa pili, simu sikioni. Mfuko ule ni mkubwa, nilishasema. Ukiwa upande ule humuoni aliye upande huu. Kipande cha unga kikaanguka puu ndani ya bakuli, vumbi likapanda, na shefu akaona unga unamwagika ovyo. Akabonyeza chekundu.

Sitaandika sauti aliyoitoa binti. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kuonyeshea na jirani yake. Tulimbeba mpaka kwenye gari la shefu, nimeukaza mkono wake na kitenge changu. Shefu akafungua mlango wa nyuma, kisha akasema, "Ngojeni." Tukangoja. Alikwenda kuchukua plastiki akatandika kitini, akaikunja vizuri pembeni. Ndipo akasema, "Haya, aingie." Mengine nitasamehe siku moja, labda. Hilo la plastiki, apana.

Hazikupita siku nyingi akatuita ofisini, sisi tuliokuwa hangarini asubuhi ile. Binti bado alikuwa hospitali, Kamenge. Mezani kulikuwa na karatasi ya Kifaransa na kidau cha wino kwa wanaoweka kidole.

"Ni kitu kidogo," akasema. "Karatasi inasema tu mulikuwepo. Kila mutu aweke kidole, arudi kazini."

Mwenzangu wa pembe ya mlangoni alishanyoosha kidole. Nikamshika mkono. Nikavaa miwani yangu iliyofungwa uzi, nikaivuta karatasi. Kifaransa sikijui. Lakini jina ni jina, kwa lugha yoyote linaandikwa lile lile, na majina ya watu wa hangari lile ni shule yangu. Nikapita na kidole mstari kwa mstari, polepole, yeye anapumua kwa nguvu.

"Mukecuru, unatafuta nini humo?"

"Natafuta watu. Karatasi inasema tulikuwepo, siyo?"

"Ndiyo."

"Mi jina langu liko hapa mara moja, kule mwisho. Huyu wa mlangoni, mara moja. Binti yangu yuko hapa mara sita. Mbona yeye alikuwepo mara sita?"

Akaivuta karatasi, nikaibana kwa kiwiko.

"Na wewe nimekutafuta kuanzia juu mpaka chini, shefu. Haumo. Wewe haukuwepo? Nani alibonyeza chekundu?"

Mwenzangu alikirudisha kidole chake ndani ya kitenge. Shefu akaanza kupiga kelele: binti alikuwa mzembe, aliingiza mkono mwenyewe, hana kazi tena hapa, na karatasi ikikosa vidole vyetu tutaondoka wote. Ndipo nikaelewa kilichoandikwa mara sita. Karatasi ile ilikuwa inamfukuza kazi akiwa amelala hospitali, na sisi ndio tulitakiwa kuwa mashahidi.

Nikatoka nikaenda kwenye mashine. Nikakata kile kitabu kwenye mguu wake. Gundi ya plastiki ilikuwa haijaguswa. Nikairarua kwa meno. Kina michoro. Mchoro namba moja: mkono unafungua kamba. Namba mbili: mfuko unatikisika. Na pembeni kuna mkono mwingine ndani ya kitundu, umepigwa msalaba mwekundu. Nikarudi ofisini nikakiweka juu ya ile karatasi yake.

"Nilifika darasa la tatu," nikamwambia. "Moja na mbili nazijua."

Hakuna aliyeweka kidole siku ile. Tulirudi hangarini tukakaa chini sakafuni, kila mmoja pembeni mwa mashine, na mfuko ukabaki unaning'inia mpaka mwenye kiwanda akaja mwenyewe. Alikifungua kitabu, akapita na kidole juu ya ile michoro. Karatasi ikachanwa. Ikaandikwa nyingine, na ndani yake jina la shefu nimelikuta.

Msidhani nimefurahi. Shefu yuko pale pale, alikemewa tu, na sasa ukutani kumebandikwa tangazo: fungua kwanza, ndipo utikise. Kwa Kifaransa, mpaka tulipotafsiriwa. Maneno yetu wenyewe yamerudishwa kwetu kwa lugha tusiyoisoma, na chini yake kuna sahihi ya shefu.

Binti alirudi. Walitaka kumpa ufagio, akaukataa mbele yao wote. Akasema anataka nguzo, kwenye vile vidude viwili, au asirudi kabisa. Wakampa. Kusuka hawezi tena, Jumapili anakaa tu. Lakini asubuhi anasimama pale, kidole gumba kiko tayari juu ya kijani, na habonyezi. Anaita. Wa mlangoni: niko! Wa dirishani: niko! Mkunga mpya chini: niko! Mimi na ufagio wangu: niko! Mwisho anageukia ofisi na kuita jina la shefu, lile alilopewa na baba yake, bila neno shefu mbele. Mfuko unaning'inia, watu wote wanangoja, na hakuna kinachoshuka mpaka aitike.

Siku za kwanza alikuwa anajifanya yuko kwenye simu. Sasa anaitika.