Lebo Zilizokata Jina la Tatu

Zahanati moja ya binafsi hapa Gungu iliniomba niitengenezee lebo za chupa za damu. Nina duka la kuchapa, na kupanga maandishi kwenye kompyuta nakupenda kuliko kutoa fotokopi. Mwenye zahanati alitaka nembo yake ionekane, basi nikaipanua, kisanduku cha jina nikakibana. Namba ya mgonjwa nikaiweka chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nilijaribu kwa jina langu, ambalo ni fupi, likakaa vizuri. Nikapeleka kazi.

Wiki kadhaa baadaye mama wa maabara wa zahanati ile akaja dukani, akaweka lebo mbili mbele yangu.

"Mwanangu, niambie, ipi ya nani?"

Zote zilikuwa na majina mawili yaleyale. La tatu lilikatika, na namba hazisomeki. Ni wanawake wawili waliopimwa homa ya ini siku moja, na majibu yao yalikuwa yamebadilishana. Mzima, mkazi wa Ilagala, aliambiwa anaumwa. Mgonjwa alirudi kwao Kidahwe akiamini hana kitu.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaifungua ile kazi. Kuirekebisha ile lebo hakukunichukua hata nusu saa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake nikamwomba mama wa maabara anichukue twende Ilagala. Tulimkuta yule dada kwa mama yake mzazi, anaanua dagaa. Alikuwa ameondoka kwa mumewe, maana mawifi, kwa kuogopa kuambukizwa, walishamtengea sahani na kikombe vyake peke yake. Mama wa maabara akamweleza yote, akamtoboa kidole, akampima upya palepale. Tukasubiri jibu. Hakuwa na ugonjwa.

Nilidhani atafurahi. Alinigeukia mimi.

"Kwani jina langu la tatu lilikwenda wapi?"

"Nililikata mimi, dada. Nilitaka nafasi ya nembo. Nisamehe."

"Hilo ni jina la babu yangu," akasema, kisha akainama tena kwenye dagaa wake.

Yule wa Kidahwe alipatikana siku ya tatu, akaanza matibabu. Wa Ilagala, mumewe alimfuata na wazee wawili, lakini yeye akakataa kurudi. Haya niliyasikia kwa mama wa maabara. Tangu hapo miezi imepita, na kila akija dukani natamani kumuuliza kama yule dada alisharudi kwa mumewe. Sijathubutu.